Nchi ya Kusemewa

Kila nchi ina wazimu wake, ila wenyeji huuita utaratibu. Kaeni basi niwape ya Tusemeane, nchi ndogo ambayo yote ni mtaa mmoja: nyumba zimepangwa duara kama shanga, mlango umetazamana na mlango, na katikati pana uwanja wa mikutano. Serikali hawana. Wana Chama cha Wakaazi, na wenyewe wanasema kinatosha na kuzidi.

Saumu binti Mbaruku, msusi wa nywele, alifika huko asubuhi moja mawingu yakianza kujikusanya. Alifikaje si habari, aliyefika amefika. Habari ni alichotumwa. Mama yake alimwambia, "Nenda kamtazame dada yako Zawena. Nasikia nyumba aliyoolewa mvua inanyesha ndani, naye ana mtoto mchanga kifuani. Ukikuta ni kweli, usinirudie na maneno. Nirudie na mwanangu na mjukuu wangu."

Saumu alikuta ni kweli. Upepo ulikuwa umeng'oa bati moja juu ya sebule, likabaki tundu la kupitisha mbuzi. Chini ya tundu hilo Zawena alitandaza masinia, masufuria, mabeseni na ndoo, vyote vikingoja mvua. Na katikati ya vyombo waliketi wageni, akina mama wawili na mzee mmoja, wamevaa nguo za kutokea, macho yao kwenye mlango wa jikoni.

"Dada, hawa ni nani?" Saumu alinong'ona.

"Wanangoja pilau."

"Pilau gani?"

"Na mimi ningependa kujua," alisema Zawena, akambadilisha mtoto bega. "Muulize shemeji yako. Mimi nimechoka kucheka, na kulia bado sijaanza."

Kombo, mume wa Zawena, alimtoa Saumu nje, nyuma ya nyumba. Bati jipya lilikuwa limeegeshwa ukutani, na misumari iko juu ya jiwe, tayari kabisa.

"Shemeji," alisema Kombo, "huku mtu hajisemei. Zamani mikutano yetu ilikuwa haina mwisho. Kila mtu akisimama anaililia nyumba yake. Mwenye ufa anaona ufa wake ndio mkubwa duniani, mwenye panya anaona panya wake ndio wana meno. Wazee wakachoka. Wakakubaliana kwamba kila nyumba isemewe na jirani wa kushoto. Huyo ndiye Mdomo wake. Nasi tunamsemea wa kulia kwetu. Hivyo duara zima. Ubinafsi ukaisha."

"Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake," alisema Saumu.

Kombo aligeuka haraka kutazama kama kuna aliyesikia. "Usiseme hivyo hapa! Sisi tunasema nyumba usiyolala ndani ndiyo unayoijua bila upendeleo."

"Haya. Mwambieni basi Mdomo wenu kwamba paa linavuja."

"Kumwambia Mdomo la kusema ni kosa. Kunaitwa kumlisha Mdomo. Lazima ajionee mwenyewe."

"Si aje ajionee?"

"Alikuja," Kombo alijibu kwa unyonge. "Akaona masinia."

Mdomo wa nyumba ile alikuwa Bi Kilua, jirani wa kushoto, mama mwenye moyo mzuri na haraka nyingi. Alipoyaona masinia yametandazwa sebule nzima, hakutazama juu. Nani huingia nyumba ya watu akitazama juu? Alikwenda mkutanoni akasema nyumba ya kulia kwake wana karamu wanaificha. Chama kikahuzunika kwamba kuna jirani anayetaka kula peke yake, kikamwundia Kamati ya Kuhudhuria. Ndiyo ile iliyoketi sebuleni.

"Na mvua ikinyesha? Hawaoni maji?"

"Mvua ikinyesha, shemeji, kila mtu yuko kwake."

Saumu alilitazama bati, akalitazama paa. "Panda basi wewe upigilie. Kazi ya dakika."

"Juu ya paa unaona nyua za watu wote. Asiye na kibali cha mkutano akipanda, nyumba yake hunyang'anywa Mdomo. Na nyumba isiyo na Mdomo huku ni kama haipo. Hata salamu haipati."

Saumu hakubisha. Alikuwa mtu wa kukaa kimya na kutazama. Msusi asiyetazama humsuka mtu kichwa upande. Ila jioni alimwambia dada yake wazi. "Mvua ikianza na tundu liko wazi, tunaondoka. Mimi, wewe na mtoto. Mama hakunituma salamu."

"Nimwache mume wangu na nyumba yangu kwa ajili ya bati moja?"

"Bati moja ndilo lililo juu ya mtoto."

Zawena alimvuta mtoto kifuani. Huko jikoni mzee wa Kamati ya Kuhudhuria alisikika akinusa.

Kesho yake kulikuwa na mkutano, naye Saumu akaenda kuketi kwenye mkeka wa wageni. Mwenyekiti wa Chama alikuwa Mzee Shomvi, na namna alivyoupata uenyekiti ni fahari ya nchi ile. Huko anayeutaka uongozi hapewi; hupewa anayeukataa kuliko wengine. Kwa hiyo siku ya uchaguzi watu hukataa mpaka jasho. Wapo wanaougua, wapo wanaozirai. Shomvi alikataa kwa kukimbia na kujifungia ghalani, wakamtoa kwa nguvu na kumtawaza huku analia. Ni kweli kwamba ufunguo wa ghala aliuacha mlangoni kwa nje, lakini Chama kilisema hiyo ilikuwa pupa ya mtu mnyenyekevu.

Mbele ya mwenyekiti palikuwa na ngoma. Mtu akisema "mimi," "yangu" au "kwangu" kwa maana ya kujililia, ngoma hupigwa, naye huketi. Pembeni walisimama Kamati ya Ukimya, ambao hupita nyumba kwa nyumba wakiwapigia watu mbiu wasipige kelele. Iko pia Kamati ya Kupunguza Kamati. Hiyo mwaka ule ilikuwa imezidiwa na kazi, ikazaa kamati mbili.

Midomo ikaanza kusema. Mmoja alisema nyumba ya kulia kwake wanahitaji kufundishwa kucheka, maana kila akipita amewaona wamenuna. Watu wa nyumba hiyo walizidi kununa. Mwingine alisema jirani yake hana haja ya lolote, kwa sababu hajawahi kumwona. Kisha akasimama Bi Kilua.

"Ndugu wakaazi, nyumba ya kulia kwangu mambo yameiva! Sasa wameleta na mpishi kutoka nchi za mbali. Yule pale, kwenye mkeka wa wageni. Mtazameni vidole vyake, virefu, vidole vya kuchambua mchele!"

Watu wote wakageuka wakamtazama Saumu, naye akaficha vidole. Mkutano uliongeza wajumbe Kamati ya Kuhudhuria.

Ikafika zamu ya Zawena, ambaye nyumba yake ndiyo iliyo kushoto kwa Mzee Shomvi. Alisimama na mtoto mgongoni. "Nyumba ya kulia kwangu inawasalimu. Haina shida yoyote, alhamdulillah." Akaketi. Mzee Shomvi alitikisa kichwa polepole, akasema, "Ahsante, mwanangu, kama kawaida."

Njiani kurudi Saumu alimuuliza, "Umejuaje kwamba hana shida?"

"Mwenyekiti atakuwa na shida gani?" alisema Zawena.

Usiku ule Saumu alifunga mizigo yake na ya mtoto, akaiweka mlangoni. Kulipokucha, mawingu yalikuwa meusi na mazito, yameshuka hadi juu ya mapaa. Aliyatazama kwa muda. Halafu, badala ya kuinua mizigo, alichukua kitana chake na mafuta ya nazi, akaenda kupiga hodi nyumba ya kushoto.

"Bi Kilua, shikamoo."

"Marahaba, mpishi. Pilau lini?"

"Mama yangu, mimi si mpishi, ni msusi. Nimeona jana kichwa chako ni cha heshima lakini kimesahauliwa. Njoo nikusuke, bure, uende mkutano wa leo kama bibi harusi."

Bi Kilua akajishika nywele. "Bure kweli?"

"Bure. Ila tukae kwa dada, nina kiti kizuri pale."

Hakuna sheria ya Tusemeane inayomkataza msusi kuchagua pa kuweka kiti. Saumu aliwasogeza wajumbe, akaliondoa sinia la katikati, akaweka kigoda mahali pake. Bi Kilua akaketi, akalegeza kanga, na kitana kikaanza kupita. Saumu alisuka upande wa kushoto wote, mistari midogo iliyonyooka, bila haraka hata kidogo. Wajumbe wa kamati walimwangalia Bi Kilua, naye akawaangalia kwa madaha.

Upande wa kulia ukiwa bado umetimka, tone la kwanza likaanguka.

"Eeh! Nini hicho?"

"Tulia, Bi Kilua, mstari utapinda."

La pili likampiga utosini, la tatu likapita shingoni hadi mgongoni. "Wee binti, unanimwagia mafuta?"

"Mafuta yako hapa, hayajaguswa."

Kisha mvua ikafunguka. Ilishuka ndani ya sebule ile kama vile nayo imetumwa na Kamati ya Kuhudhuria. Masinia yakaanza kulia, ting, tang, ndoo zikaitikia. Wajumbe walitimua mbio, kila mtu kwake. Bi Kilua akainuka na yeye, akafika mlangoni, akakumbuka kichwa chake: nusu bibi harusi, nusu kichaka. Akarudi.

"Nitatokaje hivi?"

"Huwezi kutoka hivi," Saumu alikubali.

"Basi sogeza kigoda!"

"Nisogeze wapi, mama?"

Bi Kilua alitazama kulia, akatazama kushoto. Kila mahali pakavu palikuwa na chombo, na penye chombo palikuwa na maji. Kule pembeni Zawena alikuwa amejikunja juu ya mtoto, kanga mbili zimemfunika, na kanga zote mbili zimelowa. Mtoto alipiga chafya. Hapo ndipo Bi Kilua, kwa mara ya kwanza tangu azoee kuingia nyumba ile, alipotazama juu. Akaliona wingu lote.

"Kumbe masinia..." alisema.

"Mimi simo," alisema Saumu haraka. "Sijakulisha neno."

"Kumbe masinia haya! Na mimi mjinga nikaenda kuwaambia watu pilau! Zawena, mwanangu, mbona usi..." Akajiziba mdomo kwa kiganja, maana alikuwa anataka kumwomba mwenzake atende kosa. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo, "Nipe mtoto. Mimi mnene, nitamkinga."

Walikaa hivyo, Bi Kilua ameinama juu ya mtoto, maji yakimtiririka kwenye mistari ya nywele, mpaka mvua ilipokatika. Saumu akamaliza upande wa kulia.

Mchana mkutano ulikusanyika kwenye matope. Bi Kilua hakungoja zamu yake.

"Ndugu wakaazi, mimi leo nimenyeshewa—"

Ngoma ikalia, pu!

"Nywele zangu—"

Pu!

"Kichwa hiki—"

Mpiga ngoma alisita, akamtazama mwenyekiti. "Kichwa ni cha nani?" aliuliza Mzee Shomvi.

"Ni chang—" Bi Kilua akameza neno. Saumu alimwona akifumba macho, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura ya ndugu wa mbali. Alipoyafumbua alisema polepole, wala si kwa ile sauti yake ya kutangaza.

"Nyumba ya kulia kwangu hakuna karamu. Hapakuwa nayo. Yale masinia ni ya kukinga maji. Kule mama mzazi anajikunja juu ya mwanawe mpaka mgongo unamuuma, na hawezi kulala, maana akilala kanga itateleza. Akisikia ngurumo, wengine tunafurahia mahindi yetu, yeye anahesabu mabeseni. Mizigo ya mwanawe iko mlangoni. Nimeiona. Tukikaa hivi tutabaki na tundu bila watu."

Kombo aliinamisha uso. Zawena alimtazama mwanamke yule kana kwamba ndio kwanza wamehamia ujirani.

Mjumbe wa Kamati ya Mapaa aliomba kusema. "Tumesikia kwa uchungu. Lakini tundu si kitu. Tundu ni pale ambapo kitu hakipo. Kamati yetu inashughulikia mapaa. Pasipo paa, si petu."

"Ni pa nani?" aliuliza Mzee Shomvi.

"Labda Kamati ya Ukimya, kwa kuwa hapana kitu."

"Tundu hilo lina kelele," alisema wa Kamati ya Ukimya. "Ting, tang. Hatulitaki."

Bi Kilua alishika kiuno. "Nyie wanaume, nitawasuka ndimi! Asiyeliona tundu aje akae kwenye kile kigoda, kisha arudi hapa atuambie amelowa na kitu gani!"

Hakuna aliyejitokeza. Kibali kikapita, watu wote mikono juu. Lakini kikaingia kizuizi cha sheria: anayepanda paa lazima atazamwe, asichungulie nyua za watu. Na kutoka chini hawezi kutazamwa vizuri. Baada ya mjadala mrefu iliamuliwa kwamba Kombo apande paa lake, na kila mwenye nyumba apande la kwake, amtazame Kombo.

Hivyo ndivyo siku ile nchi nzima ilivyopanda juu. Saumu alibaki chini amempakata mtoto, na Zawena akapanda ngazi kumshikia mumewe misumari. Nyundo ikaanza. Mwanzoni wote walimtazama Kombo kwa ukali unaotakiwa. Lakini jicho halina kamba. Mmoja aliteleza kwa macho akaona paa la jirani, akakaza kutazama. Kisha mwingine. Nyundo iliponyamaza, hakuna tena aliyekuwa akimtazama Kombo.

Mapaa yote yalikuwa na matundu. Mengine yamezibwa kwa magunia, mengine kwa mlango wa kabati, moja kwa ungo wa kupepetea. Wale walionuna walikuwa na ufa kutoka ukuta hadi ukuta.

Paa moja tu ndilo lililoonekana zima, la Mzee Shomvi, naye alikuwa ameketi juu yake, magoti pamoja, hasogei, kama kuku juu ya mayai.

"Mwenyekiti," aliita Zawena kutoka paa la pili, "umekaa vibaya, utaanguka. Sogea kidogo."

"Nimekaa vizuri, mwanangu."

"Sogea, baba."

"Niache hapa hapa, Zawena. Tafadhali."

Zawena alimtazama. Saumu aliyekuwa chini aliona uso wa dada yake ukibadilika, kama mtu aliyepeleka mkono kumnyooshea mwenzake kidole akakuta kioo. Miaka yote ile, kila mkutano, alikuwa akisimama, akisema maneno yaleyale na kuketi. Hakuwahi kuvuka kizingiti cha mzee yule.

"Ndugu wakaazi," alisema Zawena, na kutoka juu pale sauti yake ilifika kila nyumba, "nyumba ya kulia kwangu inavuja. Inavuja sana. Na mwenye kuisemea alikuwa anawapa salamu."

Mzee Shomvi akasogea. Lilikuwepo tundu la kupitisha ng'ombe. "Mimi hulala chini ya meza," alisema, na mpiga ngoma, aliyekuwa juu ya paa lake bila ngoma, akapiga mapaja tu kwa mazoea, halafu akaanza kucheka. Kicheko kikazunguka duara, na nyuma yake zikazunguka sauti: nyumba ya kulia kwangu, nyumba ya kulia kwangu, nyumba ya kulia kwangu. Watu walipigiliana mapaa hadi jua linazama, na kamati mbili zilikufa zenyewe kwa kukosa wajumbe wa kukaa chini.

Msidhani sheria ilifutwa. Watu hawaifuti sheria waliyoizoea, huishonea kiraka. Waliongeza kifungu kimoja: mvua ikinyesha, kila Mdomo aende akaketi nyumba anayoisemea mpaka ikatike.

Saumu alingoja mvua ya kwanza kabla ya kuondoka, maana mama yake angemuuliza. Mizigo ya mtoto Zawena alikuwa ameifungua zamani. Mvua ilikuja kwa kishindo, na papo hapo milango yote ya Tusemeane ikafunguka. Watu wakatoka mbio kwenye matope, magunia vichwani, wakipishana na kusalimiana kwa furaha, kila mmoja akilowa chapachapa ili akahakikishe jirani yake hajalowa. Zawena alimwachia Saumu mtoto, akakimbilia kwa Mzee Shomvi. Bi Kilua akaingia anahema, akatazama juu kwanza, akalikagua bati kutoka pembe hadi pembe, kisha akatazama sakafuni akashtuka.

"Binti! Mbona kuna maji?"

"Ni yako, Bi Kilua," alisema Saumu, akamsogezea kigoda. "Kamua kanga."